Upana wa Mlango: Historia ya Vifaa vya Kuuguzia Nyumbani Kinondoni na Temeke

Jijini Dar es Salaam, mgonjwa ambaye dawa haimponyi tena huuguzwa nyumbani. Jengo la hospisi, lenye vitanda vyake na wauguzi wa zamu wa kukaa na mtu hadi pumzi ya mwisho, halikuwahi kuwa jambo la kawaida Kinondoni wala Temeke. Mtu hufia katika chumba cha nyumba ya mwanawe, ya dada yake au ya kupanga, na anayemuuguza ni ndugu. Kwa hiyo kitanda anacholalia, kiti anachokalia na chombo anachojisaidilia ni sehemu ya tiba yake sawa na dawa. Tathmini ya vifaa nyumbani ni kazi ya mtu mwenye ujuzi kufika katika chumba hicho, kumtazama mgonjwa anavyoinuka, anavyolala na anavyojisaidia, kupima mlango na njia ya kwenda chooni, kisha kuamua kifaa gani kitamfaa na nani afundishwe kukitumia. Historia ya kazi hiyo jijini ni fupi kuliko historia ya dawa. Imechelewa kwa sababu huduma za kutuliza maumivu na huduma za watu wenye ulemavu zilikuja kwa njia mbili, zikalelewa na watu tofauti, na kwa muda mrefu hazikukutana mlangoni mwa mgonjwa.

Nyumba ndiyo ya kuanzia. Katika Magomeni, Mwananyamala, Temeke na Tandika, kwa miongo mingi nyumba iliyotawala ilikuwa ile iitwayo nyumba ya Kiswahili: baraza mbele, korido katikati, vyumba viwili au vitatu kila upande, na nyuma ua wenye jiko, bafu na choo cha shimo. Ni nyumba inayofaa kuugulia kwa upande mmoja. Mgonjwa hakai peke yake. Sauti yake ikitoka chumbani husikika koridoni, na uani hapakosi mtu wa kuinjika uji. Kwa upande mwingine humtesa. Choo kiko mbali na kitanda, kimejengwa kwa mtu anayeweza kuchuchumaa, na mlango wake ndio mwembamba kuliko yote. Kati ya korido na ua mara nyingi kuna kizingiti au ngazi mbili za saruji, na baada yake mchanga.

Watu wa pwani walikuwa na vifaa vyao vya kuuguzia kabla ya hospitali yoyote. Kitanda cha kamba, kilichojulikana kwa jina la teremka tukaze, kilipitisha hewa chini ya mgongo na kuacha maji ya kuogeshea yadondoke chini. Kamba zikilegea hukazwa upya, na jina lenyewe linasema hivyo. Kanga mbili zilizokunjwa zilikuwa chombo cha kumgeuzia mgonjwa: hupitishwa chini ya kiuno na mabega, watu wawili hushika ncha, mgonjwa huinuliwa bila ngozi yake kuburuzwa juu ya mkeka. Mkongojo ulikatwa kwa kimo cha mwenyewe. Huo nao ulikuwa upimaji, ingawa hakuna aliyeuita hivyo: fundi alimwona anayemchongea, na aliijua nyumba atakayokwenda kuishi nao.

Hospitali za mji hazikujengwa kwa ajili ya kuifuata nyumba hiyo. Hospitali ya Ocean Road, iliyofunguliwa na Wajerumani 1897 ufukweni, ilikuwa ya Wazungu. Waafrika na Wahindi walitibiwa katika hospitali iliyopata jina la Sewa Haji Paroo, mfanyabiashara aliyetoa fedha za kuijenga. Mwaka 1956 Waingereza walifungua Princess Margaret, ambayo baada ya uhuru ikawa Muhimbili. Zote zilikuwa karibu na katikati ya mji, wakati mji wenyewe ulikuwa unakimbilia pembeni: Manzese na Tandale upande wa magharibi, Mbagala na Charambe kusini, Tegeta na Bunju kaskazini. Sensa ya 2012 ilikuta watu 4,364,541 mkoani, na ile ya 2022 ikakuta 5,383,728. Kutoka Bunju hadi Ocean Road ni takriban kilomita 30. Mtu mzima mwenye afya huona safari hiyo ni ndefu kwa daladala. Mwenye saratani iliyoingia mifupani hawezi kuifanya akiwa amekaa.

Waliovunja desturi ya kumsubiri mgonjwa hospitalini hawakuwa madaktari. UKIMWI ulipogunduliwa nchini kwa mara ya kwanza mkoani Kagera 1983, na baadaye ukaenea hadi Dar es Salaam, wodi zilijaa watu ambao hospitali haikuwa na cha kuwapa. Walirudishwa nyumbani. Mwaka 1989 Theresa Kaijage na wenzake walianzisha WAMATA, Walio Katika Mapambano na AIDS Tanzania, na miongoni mwa kazi zake ikawa kuzitembelea familia. Mwaka 1992 huko Temeke ikaanzishwa PASADA, shirika la Jimbo Kuu Katoliki la Dar es Salaam lenye makao yake Chang'ombe. Lilitokana na kikundi kidogo cha watu wenye virusi waliokuwa wakitafuta pa kuegemea, na likakua hadi kuwa na zahanati, watoa ushauri na wahudumu wa kujitolea waliokwenda mtaa kwa mtaa.

Mhudumu wa wagonjwa majumbani, kama alivyokuja kuitwa rasmi, alibeba begi. Ndani yake mlikuwa na glavu, pamba, bandeji, sabuni, dawa ya zambarau ya vidonda, paracetamol, chumvichumvi za kuzuia upungufu wa maji, na pengine kipande cha mpira wa kutandika chini ya shuka. Mpira huo unastahili heshima yake. Katika begi zima, mara nyingi ndicho kifaa pekee kilichohusu kitanda na si mwili. Uliokoa godoro, na kuliokoa godoro kulikuwa kumwokoa mgonjwa, maana godoro la sponji likishalowa mkojo haliauki kwa siku moja, na familia nyingi hazikuwa na la pili. Mgonjwa ambaye godoro lake limeharibika alishushwa kwenye mkeka sakafuni, na hapo ndipo vidonda vya kulalia vilipoanzia, kwenye mfupa wa nyonga na kisigino.

Wahudumu hao waliyajua mambo hayo kuliko mtu yeyote. Walijua nyumba ipi ina maji na ipi hununua kwa ndoo, nani ana mlango wa kutoka uani, mjumbe gani atakubali kukopesha toroli. Lakini fomu walizojaza ziliuliza homa, kuhara, vidonda, lishe na dawa. Kilichokuwa chumbani hakikuwa na pa kuandikwa. Oktoba 2004, dawa za kufubaza virusi zilipoanza kutolewa bure na serikali, wagonjwa wengi waliinuka na kutembea wenyewe hadi kliniki, na hilo lilikuwa jambo la kushukuriwa sana. Fedha na macho ya wafadhili vilihamia kliniki pamoja nao. Matembezi ya nyumbani yakapungua, hata katika nyumba ambazo tatizo lake halikuwa UKIMWI.

Wakati huohuo tiba shufaa, yaani huduma inayolenga kumpunguzia mgonjwa mateso pale kuponya kunaposhindikana, ilikuwa imekwisha kuingia Afrika Mashariki. Mfano wake ulitoka London, ambako Cicely Saunders alifungua St Christopher's 1967. Nairobi Hospice ilianza 1990, na Anne Merriman akaanzisha Hospice Africa Uganda mjini Kampala 1993. Tanzania ilianzia kaskazini: Hospitali ya Selian ya Kanisa la Kilutheri, Arusha, ilianza huduma yake ya hospisi 1999, na ilikuwa ya kwenda nyumbani tangu mwanzo. Mwaka 2001 Shirika la Afya Duniani liliitia Tanzania katika mradi wake wa tiba shufaa kwa wagonjwa wa saratani na UKIMWI, pamoja na Botswana, Ethiopia, Uganda na Zimbabwe.

Dar es Salaam mzigo uliangukia Ocean Road. Hospitali ile ya zamani ya Wajerumani ilikuwa imefanywa taasisi ya saratani inayojitegemea 1996, na Twalib Ngoma, daktari bingwa wa saratani, aliiongoza kwa miaka mingi. Humo morfini ya maji ilitengenezwa kutokana na unga na kutiwa katika chupa ambazo mgonjwa angeweza kwenda nazo nyumbani. Kwa anayejua maumivu ya saratani, chupa hiyo ni jambo kubwa. Ilimruhusu mtu wa Yombo au Kawe alale kwake, usingizi ukamjia.

Wagonjwa wenyewe waliofika Ocean Road wanaeleza kwa nini dawa peke yake haikutosha. Wengi walikuwa wanawake wenye saratani ya mlango wa kizazi, waliofika ugonjwa ukiwa umekomaa. Hatua zake za mwisho huleta damu, uvundo na mara nyingine mkojo usiozuilika. Mwanamke huyo anahitaji mpira wa kitandani, vitambaa vya kubadilisha, na kiti chenye tundu karibu na kitanda ili asipite koridoni mbele ya wapangaji kila nusu saa. Mwenye saratani ya koo la chakula hawezi kulala chali. Anahitaji egemeo la mgongo. Mwenye sarkoma ya Kaposi, mguu wake umevimba na kuwa mzito kama gogo, anahitaji gongo la kimo chake na kigoda cha kuupandishia mguu. Mwanaume ambaye saratani ya tezi dume imembana uti wa mgongo anaweza kulala anatembea na kuamka miguu haipo. Yeye anahitaji kiti cha magurudumu, godoro la kuzuia vidonda na mtu wa kumfundisha mkewe namna ya kumhamisha bila kujivunja mgongo. Hakuna hata kimoja cha hivyo kinachoweza kuandikwa vizuri kliniki, pasipo kuiona nyumba.

Hata kipimo chenyewe cha tiba shufaa kilipita mbali. Chama cha Tiba Shufaa cha Afrika, kilichoanzishwa 2004, kilitengeneza dodoso fupi la kupima hali ya mgonjwa na familia, lililothibitishwa kwa utafiti uliochapishwa 2010. Lina maswali kumi, saba kwa mgonjwa na matatu kwa anayemuuguza, kila jibu likiwa na alama kutoka 0 hadi 5: maumivu, dalili nyingine, wasiwasi, amani ya moyo, msaada wa kupanga mambo ya mbele, ujasiri wa ndugu katika kuuguza. Ni chombo kizuri, na kimewasaidia wauguzi wengi kuuliza kile ambacho wangekionea haya. Kitanda na choo havimo. Muuguzi mwenye uzoefu huviona akiwa amekaa pale pale, lakini alichokiona hakibebwi na karatasi kurudi kwa mtu mwenye vifaa.

Watu wenye vifaa walikuwa kwingine. Utengamao, yaani huduma ya kumrudishia mtu uwezo wa mwili wake, nchini ulijengwa hasa Moshi, katika Hospitali ya KCMC, ambako TATCOT ilianza 1981 kufundisha mafundi wa viungo bandia na vifaa saidizi, na mafunzo ya tiba kwa vitendo yakafuata baadaye. TATCOT ilianza pia kozi ya wataalamu wa viti vya magurudumu. Dar es Salaam ilipata CCBRT 1994, ambayo kituo chake kiko Msasani, Kinondoni, na ambayo ilianza kwa kuwafuata watu wenye ulemavu katika jamii kabla ya kuwa hospitali kubwa. Taasisi ya Mifupa, MOI, iliundwa Muhimbili 1996, mwaka uleule Ocean Road ilipojitegemea. Elimu ya kupima mtu na kifaa chake ilikuwa imefika jijini, kilomita chache kutoka kwa wagonjwa wa saratani. Ilihusu watoto wenye mguu kifundo, waliokatwa miguu, waliovunjika uti wa mgongo ajalini, watu ambao wangetumia kifaa kwa miaka.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2008 kuhusu viti vya magurudumu vya kusukuma kwa mkono, ulioandikwa kwa ajili ya nchi zenye uwezo mdogo, uliweka hatua nane: rufaa na miadi, tathmini, kuandikiwa kiti, kupata fedha na kuagiza, kukiandaa, kumpimia mtu, kumfundisha, na kumfuatilia. Hatua hizo zimewakomboa watu wengi na viti vya msaada visivyowatosha. Kwa mgonjwa aliye katika miezi yake ya mwisho, hata hivyo, mpangilio huo ni mrefu mno. Hatua ya nne ikichukua wiki sita, huenda ya tano isimkute. Pia hali yake inageuka: aliyehitaji gongo Januari huhitaji kiti Machi, na Mei anahitaji godoro tu. Hapo tathmini haiwezi kuwa tukio la mara moja. Lazima ifanywe haraka, irudiwe, na iwe na stoo karibu.

Inavyofanyika vizuri, kazi yenyewe huchukua kama saa moja. Mpimaji huanza kwa kukaa na kusalimia, kwa sababu anachoingia kukitazama ni siri ya familia. Humwomba mgonjwa ainuke kama anavyoinuka siku zote, bila kusaidiwa zaidi ya kawaida, na hutazama mkono unashika wapi: ukingo wa kitanda, dirisha, bega la binti. Hupima kimo cha kitanda hadi sakafuni. Kisha hutoa futi na kupima mlango wa chumba, mlango wa uani na mlango wa choo. Kiti cha magurudumu cha hospitali huwa na upana unaozidi sentimita 60, na hapo ndipo viti vingi vya msaada vimeishia kuegeshwa barazani vikianikiwa nguo: viliingia korido, vikashindwa kukata kona ya kuingia chumbani. Hutembea mwenyewe kutoka kitandani hadi chooni akihesabu vizingiti. Huuliza maji yanatoka wapi, umeme unakatika lini, usiku nani yupo. Hubonyeza godoro kwa ngumi aone kama ngumi inafika kwenye mbao. Huomba ruhusa ya kutazama nyonga na visigino.

Jibu analotoa si lazima liwe ghali. Temeke ina Keko, mtaa unaojulikana nchi nzima kwa maseremala wake, na kila kata ina fundi wa kuchomelea vyuma. Kiti cha mbao kilichokatwa tundu na kuwekewa ndoo chini. Tofali mbili kila mguu kuinua kitanda kilicho chini mno. Bomba la chuma ukutani karibu na choo. Mbao ya kufunika ngazi za uani. Egemeo la mgongo lenye umbo la meza ya kupiga pasi: vyote hivyo mafundi wa mtaani wanaviweza kwa siku moja au mbili wakipewa vipimo. Vipimo ndivyo vilivyokosekana, na ndiyo maana kufika nyumbani kuna thamani kubwa kuliko kontena la viti vilivyotolewa sadaka. Kiti cha plastiki kilichotobolewa kwa kubahatisha, bila kuangalia uzito wa anayekikalia, miguu yake hufunguka na kumwangusha mtu ambaye mifupa yake tayari imeliwa na ugonjwa.

Sheria na maazimio viliisogelea kazi hii polepole. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ilipitishwa 2010. Katika mwaka huohuo hospitali za Mwananyamala, Temeke na Amana zilipandishwa kuwa hospitali za rufaa za mkoa, na hivyo wagonjwa wa pembeni mwa jiji wakapata pa kuelekezwa bila kupita Muhimbili. Mkutano Mkuu wa Afya Duniani uliazimia 2014 kwamba tiba shufaa iwe sehemu ya huduma za kawaida, na 2018 ukaazimia kuhusu vifaa saidizi. Kati ya maazimio hayo mawili, 2016, ilitolewa orodha ya vifaa saidizi 50 vya kipaumbele. Ndani yake mna magongo, fremu za kutembelea, viti vya magurudumu, viti vya kuogea na vya choo, magodoro na mito ya kuzuia vidonda, na nepi za watu wazima. Humo mahitaji ya mwanamke wa saratani ya mlango wa kizazi na ya mtoto mwenye ulemavu yaliandikwa katika karatasi moja.

Malipo yalibaki kikwazo. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ulioanza kazi 2001 kwa watumishi wa umma, haukuwafikia wengi wa wanaoishi kwa biashara ndogo Tandale au Mbagala, na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa na Bunge Novemba 2023. Umbali nao umepungua kwa kiasi: daraja la Kigamboni lilifunguliwa 2016, na mabasi ya mwendokasi yakaanza mwaka huohuo kati ya Kimara na Kivukoni. Bajaji na bodaboda zimemfikisha muuguzi hadi mlango ambao gari la hospitali lilishindwa kuufikia kwa sababu ya uchochoro.

Simu ndiyo iliyobadilisha zaidi. Ocean Road ilishiriki katika utafiti wa programu ya simu iliyowaunganisha wataalamu wa saratani, wahudumu wa afya wa karibu na wagonjwa waliorudi makwao, ambao matokeo yake yalichapishwa 2021. Lengo lilikuwa dalili na maumivu. Lakini chombo kinachoweza kutuma alama ya maumivu kinaweza pia kutuma picha ya choo, na futi inayoonekana imeegemezwa kwenye fremu ya mlango humwonyesha mtaalamu aliye Msasani kile ambacho zamani kilihitaji nusu siku ya safari. Picha haigusi nyonga wala haibonyezi godoro. Kwa hiyo lazima awepo mtu ndani ya chumba. Mwanzoni mwa 2024 serikali ilizindua mpango wa kuajiri na kufundisha wahudumu wa afya ngazi ya jamii nchi nzima, na mtu huyo sasa ana jina katika mfumo, ambalo mjitolea wa Chang'ombe wa 1992 hakuwa nalo. Kinachotakiwa kwake ni mafunzo ya siku chache ya kupima, ukurasa mmoja zaidi katika fomu yake, na namba ya mtu wa kumpigia.

Hatua ya mwisho ya kazi hii hufanyika baada ya maziko. Kifaa kilichokopeshwa kinarudi. Familia hukileta wakati wanaouguza wengine bado wanakisubiri, au muuguzi hukifuata anapokwenda kuhani, na mara nyingi kinakuta mlango wa pili usiofanana na wa kwanza. Huoshwa kwa sabuni na dawa ya klorini, huanikwa juani, mipira ya magongo ikabadilishwa, breki zikakazwa. Kisha futi hutolewa tena.